Masurufu ya Watu Kumi na Wawili

Asubuhi ile ya mwaka 1974, harufu ya mafuta ya taa ilianzia kona ya soko la Kariakoo. Inspekta Bakili aliifuata hadi kwenye ghala moja la Mtaa wa Mchikichi, akasimama mlangoni na kuvua kofia.

Magunia matatu ya unga, mawili ya mchele, moja la maharage na makapu ya samaki wakavu, vyote vilikuwa vimelowa mafuta. Mwaka ule watu walipanga foleni kabla ya jua kuchomoza kwa kilo moja ya unga wa njano, na wengi wakarudi na vikapu vitupu. Kuona chakula kimeharibiwa namna ile kulimchoma Bakili kuliko maiti nyingi alizowahi kuziona. Maiti angalau huzikwa.

"Haya yalikuwa masurufu ya watu kumi na wawili, ya wiki tatu," alisema Ndugu Kasmir, kiongozi wa ushirika wa maseremala. "Vijana wetu walikuwa waondoke kesho kwenda kupiga kambi katika msitu wa Rufiji, kupasua mbao za shule ya kijiji kipya. Tumehangaika miezi minne kuvipata hivi. Hii ni hujuma, Ndugu Inspekta."

"Nani ana ufunguo?"

"Mlinzi, Mzee Safari. Peke yake."

Sajini Vitalis alikwisha mtia mlinzi pingu. "Kikulacho ki nguoni mwako, Afande," alinong'ona.

Mzee Safari, Mzaramo aliyekaribia miaka sabini, alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, akizitazama pingu kana kwamba zimefungwa kwenye mikono ya mtu mwingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu."

"Nani aliingia humu tangu jana jioni?"

"Hakuna."

"Wewe ulitoka?"

"Sikutoka."

"Basi umefanya wewe."

"Mimi nimesema hakuna aliyeingia. Hayo mengine unayasema wewe."

"Unajua kuharibu chakula mwaka huu ni kifungo cha namna gani?"

"Kwa umri wangu, ni cha kufia humo. Najua."

Alijibu kwa upole wa mtu aliyekwisha amua. Bakili alikuwa amehoji wezi wengi, na hakuna hata mmoja aliyekuwa na upole ule.

"Madebe ya mafuta ni ya kambi yenyewe, yote matupu," Vitalis alisema kutoka ndani. "Na hapa nyuma ya mlango kuna chungu kimefunikwa sakafuni."

"Usikiguse."

Sauti yake ilitoka kali kuliko alivyotaka. Bakili alichuchumaa. Alizaliwa Tunduru, na chungu cha namna ile alikijua kabla hajajua kusoma. Kwao, kabla ya safari, mtu humimina unga polepole kati ya vidole mpaka usimame kama kichuguu chenye ncha, kisha huufunika kwa chungu mpaka asubuhi. Ukiukuta umesimama, wazee waliokufa wameikubali safari. Ukiukuta umeanguka, hakuna wa kuondoka. Baba yake alikuwa msomaji wa unga wa kijiji kizima. Bakili alijiambia miaka mingi kwamba mambo yale aliyaacha huko, lakini sasa alisita kukigusa.

Aliinua chungu. Unga ulikuwa umesimama, ncha yake nzima.

"Uchawi?" Vitalis aliuliza.

"Tambiko. Nani hapa ni mtu wa kusini?"

"Mama Hamis, mpishi wetu," Kasmir alijibu. "Yeye ndiye anayepanga masurufu ya kila kambi. Anapima, anakausha samaki, anashona magunia. Anaishi Magomeni."

Bakili alimwondoa mama huyo kwenye orodha ya washukiwa palepale. Unga ungeanguka, mtu wa kwao angezuia safari hata kwa kulala mbele ya lori. Lakini huu ulisimama. Aliyeumimina aliambiwa waende salama, sasa awazuie kwa nini? Hapo Inspekta wetu alikosea, na alikosea kwa sababu alijua mno.

Kilichomzindua ni uzi. Hakuna gunia lililochanwa kwa kisu. Kila mshono ulikuwa umefumuliwa kuanzia mwanzo wake, na uzi wa katani ukaviringishwa vizuri, ukawekwa rafuni kando ya shazia, ile sindano kubwa ya kushonea magunia. Mhujumu gani anaviringisha uzi ili uje utumike tena? Na mwanzo wa mshono anaujua nani, kama si aliyeushona? Siri ya mtungi aijuaye kata.

Walimkuta Mama Hamis uani kwake Magomeni, ameketi juu ya mkeka, mikono mapajani. Alikuwa ameiosha, lakini mafuta ya taa hayatoki kwa sabuni ya siku moja.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibuni."

"Hamis mwenyewe yuko wapi?"

"Makaburini. Alikufa kambini mwaka jana, hukohuko Rufiji."

"Pole, mama. Tumemkamata Mzee Safari."

Mama Hamis aliinua uso. "Kasema nini?"

"Kwamba hakuna aliyeingia."

"Mzee yule naye. Ndiye aliyemwosha mwanangu." Alifuta macho kwa ncha ya khanga. "Mfungueni. Alinifungulia alfajiri kama kawaida, nikamwambia naleta vitunguu. Alipoisikia harufu alinitazama tu, akaniambia nenda nyumbani. Ni mimi, wanangu. Andikeni."

Vitalis alitoa karatasi na kalamu. Bakili hakuridhika.

"Lakini unga ulisimama, mama. Nimeuona kwa macho yangu."

"Na mwaka jana ulisimama."

Bakili aliketi ukingoni mwa mkeka.

"Nilimwambia Hamis nenda, njia nyeupe. Siku ya tisa ikampata homa. Siku ya kumi na mbili walinirudishia mwili wake ndani ya magunia niliyoyashona mwenyewe. Nikaufumua mshono wangu polepole, nisije nikamkwaruza."

"Sasa kwa nini ulimimina tena?"

"Nilitaka uanguke. Ungeanguka, ningejua mwaka jana sikusoma vizuri, na wazee bado wapo, wanatuona. Jana nilimimina mkono ukitetemeka, makusudi. Alfajiri nikafunua, umesimama. Hapo nikajua watoto wale hawana anayewaangalia. Nimebaki mimi."

Bakili alikuwa akiiogopa mizimu ya kwao tangu utotoni. Uani pale, juani, kwa mara ya kwanza aliogopa kwamba haipo.

"Sajini, Mzee Safari aachiwe," alisema mwishowe. Kisha, kwa kuwa habari ingemfikia mama yule hata mahabusu, akamwambia na la pili. "Ndugu Kasmir ameapa vijana wataondoka Jumamosi, hata kwa mihogo mikavu mitupu."

Mama Hamis alifumba macho. Upande wa pili wa ua jirani alisikika akitwanga.

"Nani anawapangia chakula?" aliuliza.

"Hajapatikana mtu."

"Basi geuza karatasi hiyo, mwanangu."

Vitalis alimtazama mkubwa wake. Bakili aliitikia kwa kichwa, na sajini akaigeuza karatasi ya maungamo.

"Mihogo wailoweke usiku kucha kabla ya kupika. Chumvi itiwe chupani, kwenye gunia italowa. Dagaa wakaangwe kwanza hapa mjini, vinginevyo watapata funza. Maji wayachemshe, hata wakiwa na kiu. Na dawa ya homa iwekwe juu kabisa, kila mmoja aonyeshwe ilipo. Mwaka jana niliifunga chini ya unga isilowe, nikasahau kuwaambia. Waliikuta siku mbili baada ya Hamis kufa."

Vitalis aliandika na hilo pia.