Mwanaume Aliyeanguka Ziwani Aliponiona

"Usinichukue! Tafadhali, usinichukue leo!"

Hivyo ndivyo mwanaume nisiyemjua alinipigia kelele mbele ya watu wote kwenye boti. Mchana kweupe, katikati ya ziwa.

Mimi nilikuwa nimeshika tu sahani ya samaki na ugali!

Akarudi nyuma. Akarudi tena...

"Kaka, angalia nyuma yako!"

Hakuangalia. Macho yake yalikuwa kwangu, yamekwama kwa uso wangu kama mtu ameona kitu kimetoka kaburini.

Chubwi!

Akaingia majini.

Jamani, kabla mniulize nilimfanyia nini, wacha kwanza niwaambie mimi ni nani.

Naitwa Adongo. Watu wa kwetu Ujaluo mmeshaelewa. Adongo hazaliwi peke yake. Anatangulia Apiyo, ndio Adongo anafuata.

Pacha wangu alikuwa Sheila Apiyo. Tulifanana mpaka shangazi zetu walikuwa wanatusalimia kwa kubahatisha.

Miaka mitatu iliyopita ziwa lilimchukua.

Mkoba wake uliokotwa ukielea karibu na Asembo Bay, si mbali na kwetu. Mwili... hakuna. Watu wetu walitafuta mpaka wavuvi wakachoka nao.

Halafu Byron, mchumba wake, akasimama mbele ya wazee akitokwa na machozi. Akasema Sheila alimpigia simu siku ile. Akasema alikuwa analia. Eti amechoka na maisha, anaingia ziwani.

Nani angebisha? Yeye ndiye aliongea naye mwisho.

Kwetu mtu aliyejiua hazikwi kama wengine. Na mwili ukikosekana, watu huzika tunda la yago, lile refu na zito, mahali pa mtu. Basi wakazika yago. Nje ya ua. Hakuna kwaya, hakuna mchungaji. Picha tu ya Sheila juu ya meza kwa masaa machache, halafu ikatolewa.

Mama alikatazwa hata kulia kwa sauti. Tangu siku hiyo hakutaja tena jina la mtoto wake.

Sasa hapa ndipo mtanitukana...

Byron hakuacha kuja nyumbani. Alileta sukari, akaleta unga. Tulikaa tukalia pamoja. Kilio kikaisha, kuja kwake hakukuisha. Mwaka huu akanivisha pete.

Ndiyo. Byron yule yule.

Lakini kuna vitu vilikuwa vinanitafuna. Aliniomba nisuke nywele vile Sheila alikuwa anasuka. Akaninunulia mafuta ya Sheila ya kujipaka. Akilala mchana kwa kochi utamsikia, "Sheila, rudi bana, rudi."

Wueh! Nikisimama mbele ya kioo sikuwa najua ni nani ananiangalia.

Harusi ilikuwa ifanyike Desemba. Nikaona tangazo Facebook, dada mmoja anaitwa Nasipwondi anapanga safari ya boti ya wikendi kutoka Kisumu, kuzunguka visiwa, kwa watu wanaosafiri peke yao. Usije na mume, usije na rafiki. Njoo wewe.

Tangu Sheila aende sikuwa nimegusa maji ya ziwa. Nikasema, kabla niolewe nitaenda nimuage mahali alipo.

Byron alikasirika sana!

"Peke yako kwa maji? Unataka nizike wawili?"

"Wikendi moja tu, Byron."

"Hapana. Nimesema hapana."

Nikaenda.

Na nitawaambia ukweli, asubuhi ile ilikuwa tamu. Nilikaa na Ndirangu, mzee wa kuuza magodoro pale mjini Kisumu, mkewe alifariki Februari. Upande wa pili alikuwa Mwalimu Magdalene wa Kombewa, amestaafu. Aliniambia hajawahi kula chakula ambacho hajapika mwenyewe na hajui akae na mikono wapi.

"Wewe unakimbia nini, mama?" Ndirangu akaniuliza.

"Nani amesema nakimbia?"

"Sisi wote hapa tunakimbia kitu. Mimi nakimbia kitanda."

Tukacheka.

Kulikuwa na mmoja tu hakucheka. Alikaa mbele kabisa ya boti, kofia imefunika macho, jaketi la kuelea limefungwa tangu tukiwa gati. Anaangalia maji tu. Nasipwondi alisema anaitwa Wandera, fundi wa sola kutoka Busia.

Sikuwa nimemwona uso, wala yeye wangu. Mpaka saa ya chakula, nikaona ni aibu mtu akae njaa, nikampelekea sahani.

Ndipo akageuka.

Turudi majini...

Jaketi lilimwinua juu. Lakini jamani, yule mtu hakupiga hata mguu mmoja! Alilala tu pale, mikono kifuani, kama amekubali. Nahodha akazima injini. Ndirangu akatupa kamba, wakamvuta juu kama gunia la mkaa.

Nasipwondi akamfunika na leso. Meno yanagongana. Macho bado kwangu.

"Sheila," akasema.

Hakuna mtu pale nilikuwa nimemwambia jina la dada yangu.

Ningesema, "Mimi siye." Nilitaka kusema. Lakini mtu akimwita marehemu wako mbele yako, moyo unataka kwanza usikie anataka kumwambia nini.

"Nakusikia," nikamjibu.

Mwalimu Magdalene akaanza kuomba kwa Dholuo, chini chini.

"Nilipiga miguu vile uliniambia," Wandera akasema. "Sikuangalia nyuma. Si uliniambia nisiangalie nyuma? Nilipofika mbali nikageuka... haukuwepo. Nimekutafuta, Sheila. Kila mahali kuna maji naangalia kama umo. Hata kwa beseni."

Nikashindwa. Nikakaa chini pale pale, kwa maji aliyokuwa anatiririsha.

"Mimi si Sheila. Ni Adongo. Sisi ni mapacha."

Akafunika uso na leso.

"Pacha... Ai, Mungu wangu. Kumbe mimi si mwendawazimu."

Alilia kama mtoto. Mimi nilimshika mkono, kwa sababu sikuwa na kitu kingine cha kushika.

"Niambie," nikamwambia. "Yote."

Basi sikilizeni alichoniambia.

Siku ile yeye na Sheila walikutana kwa mtumbwi mdogo wa injini, wote wawili wageni, kila mtu na safari yake. Wanavuka kwenda upande wa Rusinga. Sheila alikuwa ameona chumba cha kukodi huko, anataka kufungua saluni.

"Alisema atamwita dada yake wafanye pamoja," Wandera akasema. "Alisema dada anasuka kumshinda, lakini asiambiwe, atajivuna."

Mimi nikacheka na kulia wakati mmoja. Huyo ni Sheila kabisa!

"Alipiga simu kabla tuondoke ufuoni," akaendelea. "Nilikuwa nimekaa kando yake. Aliongea kidogo, akakata. Akaniambia, 'Leo nimemwacha mtu. Sasa nasikia njaa!' Akanunua mandazi, akanigawia."

Nikamkata hapo hapo.

"Hakuwa analia?"

"Kulia? Dada, alikuwa anaimba."

Upepo uliwapata katikati. Mtumbwi ukaanza kuingiza maji. Jaketi lilikuwa moja tu, na Wandera hajui kuogelea. Mwenye mtumbwi alijirusha akaogelea kivyake, Wandera akasikia baadaye kwamba alivukia Uganda, hajarudi.

Sheila alichukua lile jaketi. Akamvisha mtu aliyekutana naye asubuhi hiyo. Akamfunga kamba mwenyewe, moja moja, mawimbi yakimpiga mgongoni.

"Mimi ni mtoto wa ziwa," alimwambia. "Wewe piga miguu. Usiangalie nyuma, utaogopa. Mimi niko hapa."

Niko hapa!

Hayo ndiyo maneno yake ya mwisho duniani. Na kwetu alizikwa nje ya ua kama mtu aliyejichukia.

Siku iliyofuata boti ilipoanza kurudi, nahodha alipunguza mwendo mahali Wandera alimwonyesha. Sote tulisimama. Ndirangu alivua kofia. Hakuna aliyehubiri. Mwalimu Magdalene alitoa andazi lililobaki la chai ya asubuhi, akaliweka juu ya maji polepole, kama anampa mtu.

Tulipofika Kisumu nani alikuwa gati akiningoja na gari? Byron.

"Mpenzi! Mbona simu yako imezimwa? Nimekaa na wasiwasi..."

"Byron, Sheila alikuambia nini siku ile?"

"Hiyo ndio salamu?"

"Nijibu tu."

Akashusha sauti. Ile sauti yake ya matanga.

"Adongo, tumeongea hii maneno. Alikuwa analia. Nilimsihi. Nilimwambia..."

Wandera akatoka nyuma yangu.

"Hakulia, bwana. Nilikuwa hapo. Alikuambia ile gauni ya harusi umpelekee mama yako, aivae yeye."

Uso wa Byron ulibadilika. Hayo maneno hakuwahi kuambia mtu yeyote. Hakuna mtu angeyajua isipokuwa aliyekuwa kwa simu, na aliyekuwa kando.

"Huyu ni nani?"

"Ni mtu Sheila alimpa maisha yake," nikasema. "Wewe ulichukua jina lake."

Akaangalia kushoto. Akaangalia kulia, kama kuna mtu anasikia. Hata saa hiyo alikuwa anaogopa watu!

"Ungetaka nisemeje, Adongo? Eti nimeachwa kwa simu na kadi za harusi zimeshagawanywa? Bondo nzima ingenicheka mpaka leo. Na yeye alikuwa ameshakufa! Ingemuumiza wapi?"

Ingemuumiza wapi...

Nilimfikiria Mama anameza jina la mtoto wake kila siku kama dawa chungu.

"Na mimi? Ulinipendea nini?"

Aliniangalia tu usoni. Uso, basi.

Nikapata jibu.

Nilivua pete. Sikuitupa kama wale wa kwa sinema. Nilimwekea kwa kiganja, nikamfunga vidole.

Jioni hiyo hiyo jua likiwa bado juu, mimi na Wandera tulifika nyumbani Asembo. Nilishafika katikati ya ua ndio nikaona niko peke yangu. Wandera amesimama langoni, jasho linamtoka.

"Mbona hauingii?"

"Hapa ndipo nilikimbia."

"Ulishawahi kufika hapa?"

"Nililazwa ng'ambo, homa ya mapafu. Nilipotoka nikauliza kwa kina Sheila, nikaletwa. Kumbe ndiyo siku ya mazishi. Niliona picha yake pale juu ya meza. Halafu wewe ukatokea hapa langoni na beseni. Uso ule ule! Ukaniambia, 'Ingia, Mama yuko ndani.' Nikakimbia mpaka barabarani. Nisamehe, Adongo. Ningejua nyinyi ni mapacha ningeingia, ningesema ukweli siku ile ile."

Nikageuka.

Mama alikuwa ametoka jikoni. Alikuwa amesikia yote.

"Siku hiyo Adongo hakuwa hapa," Mama akasema.

Wandera akamgeukia. "Mama?"

"Alianguka walipoleta mkoba. Alikuwa amelazwa Bondo, dripu mkononi. Hakumzika dada yake. Muulize."

Ni kweli, wasomaji wangu. Sikumzika Sheila. Hilo ndilo lilikuwa linaniuma kuliko yote.



Mama alisogea karibu, taratibu.

"Huyo aliyekuwa langoni. Alikuwa amevaa nini?"

"Gauni ya kijani, Mama. Na miguu mitupu."

Mama akashika mdomo. Sheila alitoka nyumbani na gauni ya kijani. Hakurudi nayo.

"Alikukaribisha," Mama akasema. "Alitaka uniambie."

"Niliogopa, Mama."

"Najua."

Mama alifungua lango upande wa pili, likawa wazi kabisa.

"Basi leo ingia, mwanangu."

Akaingia. Akamwambia yote, mpaka mandazi, mpaka kuimba. Alipomaliza Mama aliinuka, akatoka nje ya ua mpaka pale kwenye lile kaburi la yago lililoota nyasi.

Na akaita. Kwa sauti yake yote!

"Apiyo! Apiyo nyathina, mwanangu!"

Majirani walitoka wote. Hakuna mzee aliyethubutu kumnyamazisha.

Jumamosi iliyofuata wajomba walikuja na panga na miche ya ua. Kaburi hawakuligusa. Walichohamisha ni ua. Wakauzungusha mpaka kaburi likawa ndani, karibu na dirisha la Mama. Safari hii kwaya ilikuja. Ndirangu alikuja, Nasipwondi akaja, na Mwalimu Magdalene alikataa kata kata kukaa, akapika.

Ndugu zangu, marehemu hawezi kushika simu ajitetee. Ukisikia mtu anaeleza mwenzake alikufaje, na maelezo yenyewe yanamfanya yeye aonekane mzuri, usimeze haraka. Uliza ni nani mwingine alikuwepo. Na wewe uliyekuwepo, uliyeona, usikimbie langoni. Kuna mama ndani anangoja.

Mnaniuliza ni nani aliyemkaribisha Wandera siku ile?

Sijui. Nimeacha kujiuliza. Ninachojua ni kwamba nikijiangalia kwa kioo siku hizi, ninaona mtu mmoja.

Na ni mimi.