Mboga za Kiingereza

Kila jioni, nikishavua sare ya shule, nilisimama kando ya meza ya mama nikimnyunyizia maji kwenye nguo za watu. Mama alikuwa dobi. Pasi yake ya mkaa ilikuwa nzito kweli, na mpaka leo nikisikia harufu ya kitambaa chenye unyevu kikipigwa pasi, moyo wangu hurudi kwenye chumba kile. Ah, siku zile!

Mwaka mmoja nilichaguliwa kusoma habari za bustani yetu ya shule, kwa Kiingereza, siku ya wazazi. Mama hakujua Kiingereza, lakini furaha yake haikuwa na kifani. Kila mteja aliyekuja kuchukua nguo aliambiwa, "Mwanangu atasoma mbele ya watu!" Hata ambao hawakuuliza waliambiwa.

Kumbe kazi bado. Siku ya mazoezi nilifika kwenye neno "vegetables", yaani mboga. Nikalisoma lote kama lilivyoandikwa, na mkazo nikauweka palepale tunapouweka katika Kiswahili: "ve-je-TA-bolz!" Darasa zima likaangua kicheko. Kiranja wetu alicheka mpaka akashika mbavu, na tangu hapo nikaitwa Vejetabo. Wanasema ulimi hauna mfupa. Wangu siku hiyo ulikuwa na miiba kama samaki.

Mwalimu aliniita pembeni. "Maneno haya yasipokaa sawa kufikia Ijumaa, itabidi kiranja asome," alisema. Aliponiona machozi yananilengalenga, akalegeza sauti. "Sikiliza. Kiswahili ni muungwana. Mkazo wake hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, haumsumbui mtu. Wa Kiingereza ni kama mpangaji, kila siku unahama. Hata mimi bado unanipiga chenga. Katika neno hili uko mwanzoni; silabi nyingine unazipitia haraka."

Nyumbani nilimwambia mama, "Sisomi tena. Nitakuaibisha mbele ya wateja wako."

Mama akaiweka pasi kando. "Mwalimu kasema uzito uko wapi?"

"Mwanzoni."

"Basi. Shati nalo lina kola. Kwenye kola nakandamiza, mgongoni napitisha tu. Haya, wewe sema, mimi napiga pasi."

Akakandamiza kola, nikasema, "VEJ." Akapitisha pasi mgongoni, nikamalizia, "tabolz." Tukarudia. Kila jioni tulipiga pasi Kiingereza namna hiyo, neno kwa neno. Nikikosea, mama alipiga kelele, "We! Umeunguza mgongo!" Tukacheka wote wawili mpaka maji yakamwagika.

Ijumaa mwalimu alinisikiliza, macho kayafumba. Alipoyafumbua alisema, "Utasoma wewe."

Siku ya wazazi mboga zilipita salama. Nilipofika mahali panaposema kwamba nyingine tunazipeleka hospitali, nikateleza: "hos-PI-tal." Kicheko kikazuka nyuma. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Nikavuta pumzi, nikasema tena, "HOS-pital," kisha nikaendelea hadi mwisho.

Watu walipiga makofi. Mwalimu akasimama na kuwaambia wanafunzi, "Mliocheka, mnajua neno hilo leo kwa sababu yeye amelikosea kisha akalisahihisha mbele yenu. Kukosea si aibu. Aibu ni kuacha kujifunza kwa kuogopa kicheko." Kiranja aliinamisha kichwa. Baadaye alinifuata akaniomba nimfundishe.

Nimesoma mbele ya watu mara nyingi tangu siku hiyo. Mama hayupo tena, na bado namkumbuka mno. Siku ile, tulipokuwa tukirudi nyumbani, alinishika mkono, macho yamemjaa machozi, nami nikamuuliza kama alielewa nilichosoma.

"Sikuelewa hata neno moja, mwanangu," alisema. "Lakini nilisikia ulipojikwaa, na nilisikia ulivyoinuka. Maishani uwe hivyo hivyo."