Poda ya Boatemaa

Harufu ndiyo iliyoanza. Harufu ya nguo iliyoungua kwa pasi ya mkaa, ndani ya chumba cha picha ambamo pasi haijawahi kuingia. Serwaa, mtunza picha wa chuo chetu cha mitindo hapa Kumasi, akafungua dirisha, akaendelea kubandika ukutani picha za mahafali ya zamani kwa ajili ya jubilei.

Kwetu mwanafunzi wa ushonaji hahitimu kwa cheti tu. Anapiga magoti, mwalimu anammwagia poda kichwani na kutamka kwamba amemwachia huru, kisha watu wake wanampeleka nyumbani. Kwa hiyo kila picha ilijaa wasichana weupe pe kwa poda, wanacheka. Ila mmoja. Uso hauna poda, futi ya kupimia nguo shingoni, hacheki. Alikuwemo kwenye picha ya mwaka ambao Serwaa hajazaliwa. Alikuwemo pia kwenye ya mwaka alioajiriwa Serwaa, hajazeeka hata kidogo, na safari hii amemwekea mwenzake mkono begani.

Serwaa akamwita Anti Fremah, mwalimu mkongwe kuliko wote.

"Boatemaa," Anti Fremah akanong'ona. "Aliungua humu humu chuoni, siku chache kabla ya poda yake. Funika hiyo picha."

"Na huyu aliyeshikwa bega?"

"Hakumaliza mwezi. Usiniulize zaidi, mwanangu."

Angeachaje kuuliza? Akatoa picha iliyopigwa asubuhi ile, wahitimu wa mwaka huu wakifanya mazoezi uani. Katikati yao alikuwa Dufie, binti yake wa pekee, na begani pake vidole vyembamba visivyo na mwenyewe.

Akamgeukia Anti Fremah. "Anti, anataka poda yake. Mpe aende zake."

"Maiti hapigi magoti, Serwaa. Lazima mwanafunzi apige badala yake."

Dufie alipoambiwa alicheka. "Na wewe mama, poda tu inakutoa jasho? Nampigia mimi."

Hapo ndipo walipokosea, na siwalaumu, hofu haimpi mtu nafasi ya kufikiri. Mchana huohuo Dufie akapiga magoti mbele ya picha zile, na harufu ya kuungua ikapanda mpaka ikawakaba koo, na vyerehani vya chumba cha pili vikaanza kushona vyenyewe, kimoja, kisha kingine, kisha vyote, na Anti Fremah akamwaga poda na kutamka, "Boatemaa, nimekuachia huru, nenda nyumbani," na papo hapo kukawa kimya.

Harufu ikaisha. Kwenye picha ya asubuhi vidole havikuwepo tena. Serwaa akalia kwa furaha, akamshika binti yake mkono, akampeleka nyumbani kama desturi inavyotaka, akampikia fufu na supu ya karanga.

Msichana alikula taratibu, poda bado nyweleni.

"Asante kwa kuja kunichukua," akasema. "Mama yangu hakuja."

Serwaa akarudisha tonge bakulini. "Dufie wangu yuko wapi?"

"Bado amepiga magoti kule chuoni, badala yangu."