Blogu ya Mama Jovina

Kila Jumamosi, akishaosha vyombo na kudeki kibaraza cha nyumba yao Tabata, Jovina aliazima simu ya baba yake na kufungua blogu aliyoiandika marehemu mama yake. Alisoma habari moja tu, akacheza gemu kidogo, kisha akairudisha simu. Jumamosi hiyo hakukuta habari yoyote. Palikuwa na maneno matatu: Huduma hii imefungwa.

Hakulia. Alihisi ganzi tu, kama mguu uliokaliwa muda mrefu.

"Baba, blogu ya mama haipo."

Mzee Kornelio, fundi viatu, hakuinua uso. "Wakubwa hao wa kampuni! Wamekaa kwenye viyoyozi, wanabonyeza, kazi ya mtu imekwenda. Hata hodi hawapigi."

Jovina alijua hodi walipiga. Tangazo la kutaka watu wapakue maandishi yao kabla huduma haijafungwa lilitokea mara nne kwenye simu ile. Mara zote alibonyeza "baadaye", maana lilimzibia gemu.

Jumatatu, Mwalimu Filomena alifundisha kwamba blogu zilianza mwishoni mwa miaka ya tisini, watu wakiandika mambo yao ya kila siku, ya karibuni yakikaa juu.

"Zinakaa wapi, madam? Hewani?" aliuliza Isack.

"Hewani kuna kunguru, Isack. Zinakaa kwenye kompyuta za kampuni. Ni kama chumba cha kupanga. Mwenye nyumba akitangaza kufunga, unahamisha vyombo mapema."

Darasa lilicheka. Jovina hakucheka.

Jioni alisimama mbele ya baba yake. "Shikamoo baba. Tangazo la kufunga blogu mie nililiona. Nikanyamaza."

Sindano ilisimama kwenye soli. Mzee Kornelio aliingia ndani na kutoka na kaunta buku lenye vumbi.

"Intaneti kafe walichaji kwa nusu saa. Mama yako alikuwaga anaandika kwanza humu, akifika kule anachapa mbiombio. Yote yamo. Tangu tumzike sijalifungua. Niliogopa mwandiko wake."

"Nitayachapa upya, baba. Na nakala tutabaki nayo sie."

"Chapa. Wale lawama yao iko palepale. Lakini ukiona onyo, sema siku hiyohiyo, hata kama kosa ni lako. Ukinyamaza, na wewe umefuta."

Akamsukumia lile buku.

"Haya, anza kusoma. Kwa sauti, nami nisikie."