Jedwali la Kivuli

Haya nimeyaona kwa macho yangu mwenyewe, tena nikiwa sijalala wala sijanywa. Asiyeamini aende Masasi, aulize ni nani aliyekuwa akiwasha jenereta ya ofisi ya daftari la wakulima, miaka ile biashara ya korosho ilipofunguliwa na wanunuzi wakamiminika kama siafu. Ni mimi.

Karani Yasinta ndiye aliyeanza kuona. Saa saba mchana jina la baba yake, Bartholomayo wa Lupaso, lilipungua herufi moja kwenye kompyuta. Kesho yake, nyingine. Na huko Lupaso mzee akaanza kupoteza sauti. Wakulima wawili waliofutika hivyohivyo walikwisha kuzikwa.

"Vidole vyako hivyo, dada," alisema mkuu wake, Bwana Nurdin. "Ona, mstari wa jina lake humu kwenye kompyuta unasema aliyeubadili mwisho ni Yasinta."

"Mstari unamkumbuka wa mwisho tu, bwana, naye anaandika jina analotaka. Kwenye daftari la karatasi tulikuwa tunakata kwa mstari mmoja, la zamani likaendelea kusomeka. Mashine hii inafuta bila kuacha kovu."

"Basi itie kovu."

Yasinta akatengeneza jedwali la pili, akaliita kivuli. Chochote kikibadilishwa au kufutwa, mashine yenyewe inakinakili humo: kilikuwaje, saa ngapi, nani kakigusa. Na humo hakuna mkono wa kufuta, hata wake.

Saa saba iliyofuata chumba kilinuka nywele zilizoungua. Kwenye kivuli, safari hii herufi mbilimbili kwa mpigo: Bartholom. Barthol. Barth. Na aliyebadili: jina ambalo silitaji, maana nina watoto.

Wakamleta Bibi Sijaona, mganga wa Newala.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Jini likishajulikana jina halina ujanja. Liandike humo kwenye daftari lenu, kisha lifute nikiona."

Yasinta akarudisha jina la baba yake kutoka kivulini, akalijazia herufi zilizopotea kabla, likakaa zima, kisha akaliandika la jini na kulifuta, na hapohapo feni ikasimama ilhali jenereta inanguruma, na vishindo vya kwato vikapanda ukutani, vikapita darini, vikashuka nyuma ya kompyuta, na kukawa kimya.

"Limetoka!" Nurdin akapiga makofi.

"Nimelifuta, bwana," Yasinta akanong'ona. "Na kila ninachokifuta…"

Wakafungua kivuli. Limo. Limekaa mahali pasipofutika, na chini yake mstari mpya, wa shamba la Yasinta mwenyewe, maana naye alikuwa na mikorosho yake daftarini: alikuwa Yasinta, sasa Yasint.

Bibi Sijaona alikwisha kuokota kibuyu chake, yuko mlangoni.

Yasinta naye akatimka, akadandia lori la Nanganga, na hadi leo yuko huko, anauza ndizi, mzima wa afya.

Ni kweli tupu, toka mwanzo. Kitu kimoja tu nimekitunga, na msinilaumu, nilikuwa nampenda yule dada: lile lori.