Ufizi wa Vaileth

"Utani wangu haujawahi kumtoa mtu damu," Edgar alijisifu huku akimega ugali.

Edgar alikuwa MC wa sherehe huku Kinyerezi, na mdomo wake haukuwa na breki. Mwezi uliofuata angeshika maiki kwenye sendofu, sherehe ya kumuaga mdogo wake, Vaileth, kabla ya harusi. Basi kila mlo ukageuka mazoezi.

Vaileth akicheka, ufizi wake wa juu huonekana sana. Kazaliwa hivyo.

"Vai, siku hiyo umeme ukikatika hatuna shida," Edgar alisema. "Wewe cheka tu. Ufizi huo unawasha taa mpaka Vingunguti, mitambo ya umeme wa gesi hapa Kinyerezi ipumzike."

"Hebu mwache mwenzio," alisema mama yao, Yuliana. Naye alikuwa anacheka.

Vaileth pia alicheka, kiganja mdomoni.

Jumamosi alikwenda saluni moja. Hapo wanabandika kucha na kope, na siku hizi wanachonga ufizi. Jirani yao Sekela alimsindikiza. Jioni Sekela akamrudisha amemshika mkono. Kanga aliyojizibia mdomo ilikuwa imelowa damu.

"Nani kakutuma huko?" Edgar aling'aka.

Vaileth aliikaza kanga mdomoni. Mdomo ulikuwa umevimba.

Wakamkimbiza hospitali. Daktari wa meno, Dokta Auleria, akaizuia damu na kusafisha kidonda. Vaileth alipoweza kusema, alisema hivi:

"Dokta, fundi wa saluni amekata upande mmoja tu. Nimalizie wa pili, ulingane. Sendofu imekaribia."

"Hapana," dokta alisema. "Kwanza tujue kwa nini ufizi unaonekana. Wengine ufizi umefunika meno. Hao kuupunguza kunaweza kuwasaidia. Wengine umevimba kwa ugonjwa. Hao wakisafishwa na kutibiwa, uvimbe hunywea wenyewe. Wengine taya ndilo refu, au mdomo wa juu ni mfupi. Wewe ni wa mdomo mfupi. Meno yako yana urefu wake wa kawaida. Nikikata, nitafichua mizizi."

"Ufizi huo si utaota tena?" mama aliuliza.

"Uliokatwa kupita kiasi haurudi kama zamani, mama. Meno haya mawili ya upande uliokatwa yatakuwa yanashtuka kwa baridi. Tutapunguza makali. Zaidi ya hapo sitamdanganya."

Vaileth alifuta machozi. "Na mtu anayetaka kweli afanyeje?"

"Aende kwa daktari wa meno mwenye leseni. Apimwe, na ikibidi apigwe eksirei. Aseme kama ana mimba, kama ana kisukari, kama anavuta sigara, na dawa anazotumia. Aulize pia ni nini kinaweza kuharibika. Asikimbizwe na sherehe. Halafu ajiulize: nataka mimi, au nimechoshwa na maneno ya watu? Ufizi wako ulikuwa mzima kabisa. Nani alikuambia ni tatizo?"

Vaileth alifumbua mdomo ajibu.

"Watu wa mtandaoni hao, dokta," Edgar alidakia. "Sie nyumbani tunampenda alivyo."

Vaileth alitumia dawa. Alipiga mswaki laini, polepole. Alirudi kliniki kila alipoitwa. Kidonda kikapona. Dokta alipomuuliza kama bado anautaka upande wa pili ukatwe, alijibu mwenyewe: "Siukati. Nimeshaelewa."

Siku ya sendofu aliomba soda ya moto, isiyowekwa kwenye friji, maana ya baridi ilimchoma mpaka utosini. Lakini shangazi zake walipomchekesha, alicheka wazi, na mikono yake ikabaki mezani.

Edgar alipoona hivyo akapata maneno.

"Wageni waalikwa, huyu mdogo wangu nusura wamharibu huko saluni. Mie kaka yake nilimwambia tangu mwanzo: Vai, tabasamu lako usiliguse."

Makofi yakapigwa. Muziki ukaanza, watu wakapanga foleni ya zawadi, wanacheza kuelekea meza kuu. Kila aliyefika, Edgar alimnyooshea maiki aseme neno. Ikafika zamu ya Sekela, na beseni lake la vyombo.

"Neno kwa bibi harusi, jirani."

"Langu ni kwako," Sekela alisema. "Mie nilikuwepo saluni. Fundi alimuuliza Vai anataka upungue kiasi gani. Akashindwa kusema. Akampa simu asikilize. Ilikuwa sauti yako, Edgar, ile uliyotuma kwenye grupu la familia. Ulikuwa unamwiga anavyocheka na kuutania ufizi wake."

Ukumbi mzima ulisikia. Mama Yuliana aliinamisha kichwa. Edgar alimtazama mdogo wake.

Vaileth hakuziba mdomo, wala hakucheka.