Mlango Uliofunguliwa kwa Mbali

Fundi saa mstaafu alikutwa amekufa chini ya ngazi za nyumba yake, mkono mmoja umeelekea mlangoni. Mlango ulikuwa wazi, kufuli lake la umeme halikuvunjwa. Rekodi ya kamera iliyotazama ngazi ilikuwa imefutwa.

Inspekta alimweka ndani mama aliyemhudumia mzee. Mhudumu alisema alikwenda duka la dawa, akasahau simu mezani. Jirani naye alieleza kwamba taa za nyumba hiyo ziliwaka na kuzimika mfululizo. Akadhani ni hitilafu ya umeme, akaendelea kupika.

"Mzee alikuwa na maadui?" Inspekta alimuuliza mhudumu.

"Aligombana na mimi tu, afande. Chumvi ikipungua."

Mtaalamu wa mitandao wa polisi alikagua ruta, kifaa kilichounganisha nyumba na intaneti. Amri za kufungua mlango, kuchezea taa na kufuta rekodi zilitoka kwenye kompyuta iliyokuwa ndani ya mtandao wa nyumbani.

"Basi ni mhudumu," Inspekta alisema.

"Ndani ya mtandao, afande. Si lazima ndani ya nyumba."

Akaeleza kwamba ruta ile ilikuwa na VPN, njia iliyofichwa inayounganisha kompyuta ya mbali na mtandao wa nyumbani. Mwenye ruhusa, hata akiwa ng'ambo, vifaa vya nyumba humtambua kama yumo sebuleni. Mwenye ruhusa alikuwa mmoja: binti wa marehemu, aliyefanya kazi ng'ambo.

Inspekta alimpigia kwa video. Macho ya binti yalikuwa yamevimba.

"Kwa nini ulifuta rekodi?"

Binti alinyoosha mkono kutaka kukata simu.

"Mhudumu wa baba yako yuko mahabusu, dada. Analala sakafuni."

Hilo hakulijua. Alijifunika uso, kisha akasema yote. Kila jioni aliingia kwa kompyuta yake, akamtazama baba, wakataniana kupitia spika. Baba hakuchoka kumuuliza atarudi lini. Siku hiyo akamjibu, "Baba, fungua mlango, niko nje." Hakufikiri kwamba mzee, ambaye hakushuka ngazi bila kushikwa, angeinuka.

"Alikuwa akiniita, afande. Nikampigia mhudumu, nikaisikia simu ikilia humo humo mezani. Namba ya jirani sina. Nikafungua mlango, nikawasha taa, nikazima, labda mtu angeingia. Kila kitu kilinitii. Nilichokosa ni mikono."

"Na rekodi?"

"Kaka zangu wangesikia ni nani aliyemwinua."

Inspekta alimwachia mhudumu, akamwomba radhi. Kwa binti hakuwa na la kufanya. Sheria ilikuwa na neno la kuharibu ushahidi, lakini kwa lililobaki haikuwa na neno.

Jioni alirudi kuchukua ruta kama kielelezo. Taa ya ngazi ilikuwa inawaka.

"Bado umo?" aliuliza.

"Nimo," spika ilijibu.

"Nachomoa waya sasa."

"Ngoja nimzimie baba taa kwanza."

Taa ikazimika. Inspekta alipapasa gizani mpaka akaupata waya.